Mkono Ulio Kwenye Kalenda

Kwa Mzee Wanyoike,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kalenda, kanisani kwetu, Gatongora.

Bwana asifiwe, Mzee. Natumai mama na watoto hawajambo. Mimi siko sawa.

Naandika kuhusu kalenda ya mwaka huu, ile yenye picha ya kwaya tukiwa maporomoko ya Chania. Katika picha hiyo, mkono wa kiume umemshika kiuno dada yetu Kamene wa sauti ya kwanza, na nusu ya kanisa inaona ni mkono wangu. Si wangu. Ni wa Ronny, mume wake, aliyesimama nyuma yetu. Kwa vile sote tulivaa sweta za rangi moja ya damu ya mzee, mkono wake unaonekana kama umeota kwenye bega langu. Ni macho tu yanadanganywa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kalenda mmeichapisha bila kuuliza mtu. Sasa imetundikwa kila sebule, kwa kinyozi, mpaka kwa bucha, na itakaa hapo hadi Desemba. Muuza nyama ananikatia nusu kilo huku akiitazama na kutikisa kichwa.

2. Kila mtu anaona chake. Mama wa saluni anasema pale hakuna mkono, ni kamba ya mkoba. Vijana wamepiga kura kwenye WhatsApp ya kanisa: arobaini na mmoja wanasema ni mimi, kumi na saba wanasema ni Ronny. Tangu lini mkono wa mtu ukapigiwa kura? Ronny mwenyewe anasema hana uhakika, maana siku hiyo walikuwa wamekosana na hadhani angemshika.

3. Nimepimwa na fundi wa nguo. Mkono wangu ni sentimita sabini na mbili. Kufika kiuno kile ningehitaji mita moja na robo, na viwiko viwili. Katibu wenu ameikataa barua ya fundi, eti fundi ni shemeji yangu. Ni kweli ni shemeji, lakini tepu si shemeji ya mtu.

4. Jumapili iliyopita Wamboi, mke wangu ambaye tumeishi naye miaka kumi na tisa, alirudi kwa mama yake huko Murera. Alibeba nguo, meko ya gesi na hiyo kalenda. Nakunywa chai ya majirani. Namtaka mke wangu, Mzee, na ninaumia.

Kwa hivyo naomba kila Jumapili kabla ya sadaka isomwe namna halali ya kuangalia picha hiyo: hatua tatu nyuma, jicho la kushoto limefungwa. Atakayezidi kuona mkono wangu asipewe Meza ya Bwana mpaka aone vizuri. Ikishindikana, kwaya yote irudi Chania, kila mtu asimame palepale, na Ronny amshike mkewe mbele ya wazee watatu.

Nisalimie mama, watoto na wanakamati wote, hata katibu.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo, ninayeonewa na kalenda,
Gachau, sauti ya nne.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Wamboi amenitumia ujumbe. Anasema alijua mkono ni wa Ronny tangu siku ya kwanza, kwa sababu mimi sijawahi kumshika mtu kiuno mbele ya watu, hata yeye. Kilichomwondoa ni uso wangu. Wengine wote wanaangalia kamera, mimi namwangalia Kamene, na anasema hajaniona nikicheka hivyo tangu tuoane. Nimeenda kwa kinyozi nikaitazama tena, na ni kweli. Tafadhali barua hii isisomwe popote. Badala yake naomba wazee wawili wanisindikize Murera Jumamosi. Peke yangu sijui nitaanzia wapi.