Rangi Nyekundu ya Mwaitu Kalunde

Leo nimejichoma, nimejiaibisha kabisa. Tena mbele ya mama zangu wote.

Mnajua ile kazi yangu ya maabara? Vile vioo tunavyopaka utando mwembamba, ambao ukipigwa na jua unavunjavunja uchafu ndani ya maji? Basi leo nilivileta nyumbani, huku karibu na soko la Kabati. Hao mama zangu, wa kikundi cha ususi, hutia rangi katani ya kusukia viondo, na maji yanayobaki humwagwa karibu na kisima. Nikasema nitawaokoa. (Hakuna aliyekuwa ameniomba.)

Mwaitu Kalunde (mwaitu ni "mama" kwa Kikamba), mkubwa wao, akanielekeza: "Maji ya kumwaga yako kwa beseni ya nyuma ya jikoni."

Mimi nilikuwa natega simu nirekodi. Nilichosikia ni "beseni".

Hapo mbele ya nyumba kulikuwa na beseni moja, imejaa maji mekundu, iko juani vizuri. Nikatumbukiza vioo vyote, nikaingia ndani kunywa chai na kuwahubiria mama habari za sayansi. Nilihubiri! Chakula kikaja, nikaendelea.

Alasiri nikawaita nje. "Njooni muone!"

Wueh! Maji yalikuwa meupe, unaona hadi maua yaliyochorwa chini ya beseni. Nikaruka. Nikapiga makofi.

Nilipiga peke yangu.

Mwaitu Kalunde aliinama, akachota kidogo kwa kiganja, akayaacha yapite katikati ya vidole. "Mutheu," akasema polepole, "hii rangi nimechemsha tangu juzi. Magome yake tulitoa mbali. Ni ya viondo vya harusi ya Wanza."

"Si ulisema..."

"Nilisema nyuma ya jikoni."

Wanza, binti yake, alikuwa amesimama hapo na mafungu ya katani mikononi, tayari kuloweka. Akageuka, akayarudisha ndani. Afadhali angenitukana.

Mama mmoja akajaribu kunitetea: "Lakini si imefanya kazi?"

Wakacheka, hata Mwaitu. Mimi nilishindwa kucheka. Siku zote naomba Mungu hivi vioo vifanye kazi, na leo nilitamani vingegoma.

Tumeshapata magome mengine kwa jirani. Saa hii niko jikoni nakoroga sufuria ya rangi mpya, na Wanza bado hajaniongelesha.

Tafadhali, mtu asinitumie vikatuni vya kucheka. Machozi ya moshi wa hizi kuni yananitosha.