Kassimu Amenitangulia Ajmeri

Rumonge, Jumatatu, 6 Aprili 1914

Nimekasirika tangu alfajiri. Bi Samiha amemwongeza Kassimu safarini.

Safari hii ni yangu. Binti yake Sharifa aliporudi mzima kutoka kambi ya Wajerumani ya wagonjwa wa malale, ni mimi niliyekwenda kumkumbusha nadhiri yake: mtoto akipona, yeye atakwenda Bara Hindi, mji wa Ajmeri, kuzuru kaburi la Khwaja, walii mkubwa wa huko. Ni mimi niliyemwambia kwamba Kihindi nakijua kama Kiswahili. Si uongo kamili. Niliwahi kupima vitambaa katika duka la Mhindi kule Usumbura.

Bi Samiha ni mjane. Ana shamba la michikichi Kigwena, zuri kuliko yote pwani hii ya Ziwa Tanganyika. Msimamizi wake amefariki, na amesema atamchagua mwingine tukirudi. Mwenye akili anaelewa. Atakayemhudumia vizuri Ajmeri ndiye atakayekula mawese ya Kigwena. Mwenye akili nilikuwa mmoja tu, mimi. Leo kaongezeka Kassimu.

Na Kassimu ni nani? Binamu ya marehemu mumewe, muuza ndagala wakavu, vile visamaki vya ziwani. Hajui kusoma. Hajui Kihindi. Hajui hata kukasirika, ukimkanyaga anacheka. Nilimuuliza atafanya nini huko ugenini, mtu asiyejua neno. Akacheka. Akasema, "Mungu iko kila pahali, muzee Maneno."

Nitamwaibisha mbele ya Wahindi wote.

Ajmeri, Jumanne, 26 Mei

Tumefika. Mashua hadi Kigoma, gari la moshi jipya la Wajerumani hadi Dari Salama, meli hadi Bombei, gari la moshi tena. Baharini Kassimu alitapika huku akicheka, mabaharia wakampenda. Mimi nilitapika kwa heshima, kimya, na hakuna aliyeniuliza hali.

Stesheni ilifurika watu. Ni Rajabu, ni hauli ya Khwaja, kumbukumbu ya kufa kwake, wamekuja kutoka kila upande. Nikamwita mwenye gari la farasi, nikamweleza kwa Kihindi, kwa sauti, Bi Samiha asikie. Mtu yule akafurahi sana. Akatuzungusha mji mzima, akatushusha mlangoni pa duka la vitambaa.

Hapo nikagundua kwamba Kihindi changu chote ni cha dukani. Refu. Fupi. Kimechanika. Leo hakuna mkopo. Nilitaka kumgombeza, neno lililonijia ni kimechanika. Akaanza kulikagua shati lake.

Kassimu akaweka mkono kifuani, akasema neno moja: Khwaja. Njia nzima ikanyoosha vidole. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina akaacha shughuli zake, akatuongoza hadi lango kubwa la dargah, ndivyo wanavyoliita kaburi na viwanja vyake vyote.

Bi Samiha aliniuliza kwa upole kama Kihindi cha Usumbura ni cha kabila lingine. Nikajibu ndiyo, ni cha juu zaidi.

Jumatano, 27 Mei

Tumepelekwa kuona ziwa. Mzee wa hina ndiye aliyetupeleka. Amejifanya ndugu yetu. Ukingoni kuna mabanda ya marumaru meupe yaliyojengwa na mfalme wa zamani, na watu wanakaa humo kupunga upepo. Mabanda nimeyakubali. Ziwa nimelikataa.

Nilimwambia Bi Samiha kwamba kwetu maji haya tungewaachia bata. Nikamwambia Tanganyika ikipiga chafya, dimbwi hili lingehama mahali pake. Nilikuwa na mengi zaidi. Nilitaka kumwonyesha kwamba mtu wa kusimamia shamba la Kigwena ni mtu asiyebabaishwa na marumaru.

Nikageuka. Alikuwa analia.

Alisema milima ile ng'ambo imekaa kama milima ya Kongo inavyoonekana kutoka Rumonge baada ya mvua. Alisema Sharifa alipokuwa kambini, yeye alikuwa akishuka ufukoni kila siku kuitazama, kwa sababu hakuwa na pengine pa kutazama. Kisha akaniomba ninyamaze kidogo.

Kassimu alikuwa amevua viatu, ametia miguu majini. Bi Samiha akaenda kukaa karibu naye. Kwa hiyo kutia miguu majini ni sifa! Ningejua ningetumbukia mzima.

Alhamisi, 28 Mei

Leo nilikuwa na mpango. Nauandika ili ijulikane kwamba ulikuwa mzuri.

Asubuhi tulizuru msikiti wa kale sana, uliojengwa kwa mawe ya mahekalu yaliyokuwapo kabla yake. Nguzo zake ni msitu wa mawe, na hakuna mbili zinazofanana. Wanauita Kibanda cha Siku Mbili na Nusu, maana wengine husema ulisimamishwa kwa muda huo. Nilimwambia Bi Samiha kwamba Kassimu angehitaji muda huo kutafuta nyundo. Hakucheka. Kassimu ndiye aliyecheka, tena sana, akaniharibia.

Hapo nikamvuta Kassimu pembeni. Nikamwambia kwamba Bi Samiha anataka yeye atangulie kwenye ngome ya juu mlimani, kuna kaburi la shahidi huko, akamwombee Bi Samiha dua. Mlima ule ni kama ukuta. Jua la Mei huku linapiga kama mwenye kudai deni lake. Nilihesabu kwamba atapotea au atazimia, nami nibaki na Bi Samiha siku nzima.

Akaenda mbio. Dakika ile ile Bi Samiha akauliza yuko wapi. Nikasema amekwenda kustarehe ngomeni. Mzee wa hina, ambaye tayari ameokota Kiswahili cha kutosha kunidhuru, akaonyesha mikono ya dua, kisha akamnyooshea kidole Bi Samiha, maana alitusikia tukizungumza. Bi Samiha akashika kifua. Kassimu amepanda mlima ule peke yake kwa ajili yangu, alisema, nasi tumekaa hapa kivulini. Twendeni.

Wanawake wazee hupandishwa kwa kiti cha miti, kinabebwa na wanaume wanne. Siku hii ya umati walipatikana watatu.

Sitaki kueleza zaidi. Bega langu la kulia halipo tena. Tulipofika juu, Kassimu alikuwa amekaa kivulini na walinzi wa kaburi wanampa maziwa. Aliponiona chini ya kile kiti alisimama, akasema kwa machozi kwamba hakujua kuwa nina moyo kiasi hicho. Akataka kunikumbatia. Nikamwambia asiniguse.

Ijumaa, 29 Mei

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Ndani ya dargah kuna masufuria mawili ya shaba na chuma yaliyojengewa juu ya ngazi. Kubwa lake ni kubwa kuliko nyumba yangu. Matajiri wakiweka nadhiri, humo hupikwa wali wa samli, sukari, lozi na zabibu, bila nyama, ili Mwislamu na Mhindu wote wale. Chakula hicho ni baraka. Juu huchotwa kwa ndoo. Kinachobaki chini, watu wa mji hurukia ndani kukikomba, wamejifunga matambara mwili mzima kwa sababu ya moto.

Nikaona nafasi. Baraka ya juu kila mtu anayo. Nani kutoka Rumonge amewahi kuleta baraka ya chini kabisa? Nikamwambia Bi Samiha anisubiri. Akanisihi nisiende. Kassimu naye akanishika mkono, akasema, "Muzee, iko moto mule." Maneno yale yakanipandisha hasira. Kassimu anifundishe mimi moto?

Nikajifunga shuka yangu na kilemba. Nikaruka.

Samli ni kitu kibaya. Sikufika chini kwa miguu, nilifika kwa makalio. Wale wakombaji ni watu wa kazi yao na ukoo wao, hawakupenda kuona mgeni amekalia fungu lao, wakanipigia kelele kwa pamoja. Nami nikawapigia kelele kwa Kihindi. Hakuna mkopo, niliwaambia. Kimechanika. Na kweli shuka ilikuwa imechanika.

Ni Kassimu aliyeinama ukingoni akanivuta kwa kwapa. Kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. Ameungua mikono yote miwili, na hakuitazama mpaka alipohakikisha mimi ninapumua.

Bi Samiha alikuwa tayari ana bakuli la wali. Mtumishi wa kaburi alimpa alipoona anasubiri. Aliukinga tu mkono.

Jumapili, 31 Mei

Hasira ya leo haina mfano.

Kuna mlango mmoja hapa, wa fedha, unaitwa Mlango wa Pepo. Katika hauli hufunguliwa, na watu huamini kwamba apitaye kwa nia safi ana tumaini la kuingia Peponi. Umekuwa wazi tangu tulipofika. Kila siku nilipita mbele yake nikasema bado. Nilitaka kuupita siku ya mwisho, bega kwa bega na Bi Samiha, Kassimu nyuma yetu na viatu vyetu mkononi.

Leo umefungwa. Nimesikia ngoma za kufungwa kwake nikiwa kifudifudi, nimepakwa dawa inayonuka vitunguu.

Baadaye Bi Samiha akaja kunijulia hali. Akakaa sakafuni kando ya mkeka wangu, mwanamke wa heshima yake. Alisema amemwombea Sharifa, amewaombea wafu wake, na ameniombea mimi moyo wangu upoe. Sikumwomba aniombee hivyo. Moyo wangu hauna joto. Ni watu wanaouchokoza.

Kisha akasema jambo jingine. Kassimu amepita mlangoni na mikono yake iliyofungwa bandeji, kisha akarudi akapita tena. Walinzi wakamuuliza kwa nini. Akawaambia kwa ishara kwamba mara ya pili ni ya rafiki yake aliyelala.

Rafiki! Kwa hiyo nikiingia Peponi, nitaingia kwa hisani ya muuza ndagala. Nitaketi kwenye mito ya hariri, na kila atakayepita ataniuliza ni nani aliyenileta.

Nilimwomba Bi Samiha aniache nilale. Nililia kidogo. Ni dawa ya vitunguu.

Rumonge, Jumatatu, 13 Julai

Tumerudi juzi. Sharifa alikuja kumpokea mama yake ufukoni anakimbia kwa miguu yake, na watu wakaacha kazi kuwatazama. Hata mimi nilisahau hasira kwa muda.

Leo Bi Samiha ametoa uamuzi. Msimamizi wa Kigwena ni Kassimu.

Jioni Kassimu mwenyewe akaja kwangu. Mikono yake imepona, imebaki mabaka. Alisema shamba ni kubwa, hataliweza peke yake, na amemwomba Bi Samiha ruhusa tuligawane. Mimi nichukue nusu ya kando ya mto. Ndiyo nusu nzuri, michikichi yake ni minene na maji yako karibu. Alisema, "Tulikwenda wawili, muzee. Tule wawili."

Nilimtazama. Alikuwa anacheka cheko lake lile.

Nilimwambia nusu ya kitu ni tusi. Nilimwambia Maneno bin Shafii hapokei makombo ya mtu. Nikafunga mlango. Nilijisikia vizuri mno, karibu muda wa kunywa kikombe cha chai.

Alhamisi, 16 Julai

Nilikwenda kwa Bi Samiha kumweleza kwamba Kassimu hatoshi, na kwamba niko tayari kupokea shamba zima ili kumwondolea mzigo. Alinisikiliza hadi mwisho. Akanimiminia uji. Akasema Kassimu alimpa habari kwamba nimekataa, na alisikitika sana. Nusu ya kando ya mto amempa Kadidja, mjane wa yule msimamizi aliyefariki. Kadidja amefurahi, ameanza kazi jana.

Nimerudi nyumbani nikiipiga mateke migomba ya watu.

Lakini nimetulia, nimefikiri. Kadidja ni mwanamke peke yake, na Kassimu ni jirani wa kutiliwa shaka, mtu anayecheka bila sababu. Anahitaji mwanamume mzito, aliyetembea dunia. Kesho asubuhi nakwenda Kigwena. Nitamwambia kwamba kukamua mawese nimezaliwa nako. Sijawahi kukamua hata tone, ila huko Kigwena nani atajua?