Pijo ya Baba Mdogo Isiguswe

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Siku kubwa! Baba mdogo Nikodemo kaondoka na basi la asubuhi kwenda semina Mwanza. Majuma mawili. Gari lake kaliacha hapa nyumbani Matongo, uani kwa mama, chini ya uangalizi wangu. Wangu mimi, Benedicto. Si wa Heche.

Gari lenyewe ni Pijo, buluu ya mbingu. Betri imekufa. Mlango mmoja wa nyuma umefungwa kwa kamba ya katani. Oili haijabadilishwa tangu Azimio la Arusha na mwenyewe haoni haya kulisema. Lakini rangi! Anaipenda rangi ile kuliko injini. Anasema injini hata fundi wa baiskeli atahangaika nayo, ila rangi ya kiwandani kama ile haipatikani tena nchi hii.

Ahadi kaitoa mbele ya mama, mbele ya dada yangu Gati, mbele ya Heche. Ofisini kwake Musoma, kwenye ushirika, wanatafuta mtu mmoja wa kupelekwa kusomea udereva. Mmoja tu. Akirudi akakuta rangi ni ile ile, atapeleka jina langu. Akikuta imeharibika, atapeleka la Heche. Heche ni mtoto wa shangazi, turniboi wa lori, yaani utingo, na kwa hiyo anajiona nusu dereva. Alikuwa akitabasamu mpaka basi likamezwa na vumbi. Acha atabasamu.

Maagizo: nisiiguse. Niiangalie tu, kuku na mbuzi wasipande. Nimeelewa. Mkubwa akikuamini hakuelezi kila kitu, anakuachia ufikirie mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi kuku watatu juu ya paa. Beberu juu ya boneti, ananitazama kama gari ni la baba yake. Sikukasirika. Nilifikiri.

Nimekata miba, nimezungushia Pijo boma zima, kama la ng'ombe. Kazi safi. Beberu kanusa, kaondoka zake. Nilisimama nikajiona tayari nimeshika usukani barabara ya Musoma, kiwiko dirishani.

Tatizo dogo. Tawi la mwisho lilipita kwenye mlango wa abiria wakati naliburuta. Mkwaruzo. Urefu wa kiganja. Sawa, viganja viwili. Heche kapita na kuuliza kama huo mstari ulikuwapo jana. Nimemwambia Pijo zote za mwaka ule zilitoka nao kiwandani. Kaondoka anapiga mluzi.

Alhamisi, 7 Agosti

Dawa ya mkwaruzo nimeipata! Buluu ile ya kufulia mashuka, ukiichanganya na samli. Nimepaka. Mkwaruzo haupo. Ukisimama hatua kumi na kufumba jicho moja, haupo kabisa.

Halafu nikaona sehemu iliyopakwa inang'aa kuliko gari zima. Haikuwa haki. Kwa hiyo nikapaka boneti. Nikapaka paa. Nikapaka milango. Samli ikaisha nikiwa nimebakiza mlango wa dereva, ambao sasa umebaki mkavu na umefifia, aibu ya gari zima. Nitaushughulikia.

Mama anatafuta kibuyu chake cha samli. Nimemsaidia kutafuta.

Ijumaa, 8 Agosti

Samli inashika vumbi. Hili hakuna aliyewahi kuniambia. Vumbi lote la wilaya ya Tarime liko juu ya Pijo, pamoja na nzi, na mbwa wawili nisiowajua. Mbaya zaidi, mtamba wetu kasukuma miba, kaingia, kalamba boneti. Kalamba kwa muda mrefu, kwa utulivu, kama aliyekaribishwa. Ulimi wa ng'ombe ni msasa. Nusu ya boneti haina tena mng'ao.

Sikubabaika. Kinachotoa mafuta ni magadi. Nilichemsha maji sufuria kubwa, nikamimina magadi ya kutosha. Gati kasema magadi hulainisha maharage yaliyokaa miaka miwili ghalani, je rangi itakuwaje. Nimemjibu kwamba rangi si maharage. Dada yangu ni mtu mwema lakini hana akili ya ufundi.

Nimesugua kila palipokuwa na samli. Imetoka yote. Rangi nayo imelainika kidogo. Ukibonyeza inabaki alama ya kidole. Dalili nzuri: inapumua.

Gati kanionyesha kuku anatagia kiti cha nyuma. Kaingilia dirishani. Gati katundika blanketi kuukuu juu ya mlango wa dereva ili kuku asipate jua. Blanketi! Watu wengine wanafikiria mayai wakati kazi ya mtu iko hatarini.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimefikiri kuliko siku zote. Gati alikuwa anakandika ukuta wa nyumba ya mama. Udongo, mavi ya ng'ombe, majivu. Nikamwangalia. Nikauangalia ukuta. Jua limeupiga miaka na miaka, mbuzi wameegemea, mvua imenyesha, na ndani uko salama. Nikaiangalia Pijo.

Kwa nini hakuna mtu aliyewaza hili kabla yangu?

Gati kakataa kata kata. Kasema baba mdogo alisema isiguswe. Nimemweleza kwamba nikishaikandika hakuna atakayeweza kuigusa, hata mimi. Nimechanganya mwenyewe, nimekandika mwenyewe, tangu asubuhi mpaka jua la jioni. Paa, boneti, ubavu, nyuma. Majivu kidogo kulainisha. Gati kasimama mbele ya mlango wa dereva na kugoma kutoka. Anataka mahali pa kuingilia kuchukua mayai. Basi, nimemwachia mlango wake na blanketi lake.

Heche kaja, kaona, kakaa chini. Wivu humkalisha mtu chini.

Jumanne, 12 Agosti

Udongo umekauka. Mgumu kama jiwe. Hata beberu anapita mbali kwa heshima.

Mchana kapita mzee Nyangwine, balozi wetu wa nyumba kumi. Macho yake si mazuri siku hizi. Nilimwamkia shikamoo, kaitikia, kisha kasimama kuitazama Pijo. Kanipongeza. Kasema nimefanya vizuri kutoka kwa mama na kujenga changu, ni kidogo lakini kimekandikwa vizuri, na mke atapatikana. Heche alikuwa palepale, mdomo wazi. Nikaona mambo mawili kwa haraka. Nikisema ni gari, habari itafika Mwanza kabla ya jua kuzama. Nikisema ni nyumba, baba mdogo hatasikia kitu. Nimesema ni nyumba.

Balozi kafurahi. Kasema basi nyumba hiyo nayo ina sehemu yake katika shamba la kijiji, nianze kesho alfajiri. Kwa hiyo nalima sehemu mbili, ya mama na ya Pijo. Heche hakunisemea. Alikuwa ameshika mti, anatetemeka. Nadhani ananiogopa.

Alhamisi, 14 Agosti

Malengelenge mikono yote miwili. Sehemu ya Pijo ina mizizi ya kutisha. Balozi kanitaja mkutanoni kama mfano wa kijana mwenye nyumba yake.

Kondakta wa basi kaleta salamu. Semina imeisha mapema. Baba mdogo anafika Jumamosi. Hakuna wasiwasi. Kesho naondoa udongo, rangi inatoka kama siku ilipozaliwa, Jumapili niko Musoma.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilianza na boneti. Niligonga polepole kwa mpini wa jembe. Kipande kikubwa kikabanduka, upana wa ungo, kizima, kizuri. Nikakigeuza.

Buluu! Buluu ya mbingu, laini, inang'aa. Nikafurahi sana. Kisha nikatazama boneti. Bati tupu. Bati na kutu.

Niligonga paa. Vivyo hivyo. Ubavu. Vivyo hivyo. Nilikaa chini kwenye vumbi. Niliwaza usukani, niliwaza kiwiko changu dirishani, nikawaza Heche akipita hapa na honi. Nusura nilie. Nililia kidogo.

Halafu akili ikarudi. Rangi haijapotea! Iko yote. Imehamia upande wa pili tu. Nimevipanga vipande kwenye vikapu viwili vya mama: hiki cha paa, hiki cha boneti na ubavu. Mwenye macho ataona nimeitunza.

Jumamosi, 16 Agosti

Baba mdogo kafika saa sita. Kaizunguka Pijo mara mbili. Nimemwamkia, kainama kutazama kutu. Nimemletea vikapu. Nimemweleza kwa utulivu kwamba hakuna hata punje iliyopungua. Kachukua kipande kimoja, kakigeuza, kakirudisha kikapuni taratibu kama yai.

Kamuuliza Heche. Heche kaeleza yote: samli, mtamba, magadi, balozi. Alicheka mpaka akashindwa kumaliza. Baba mdogo hakucheka. Kamuuliza aliyaona haya yote siku ngapi na kwa nini hakutuma neno. Kasema mtu anayeona gari linateremka korongoni akakaa kando kucheka hawezi kupewa lori la ushirika. Hilo lilinipa nguvu.

Kisha baba mdogo kainua blanketi. Mlango wa dereva ulikuwa chini yake. Buluu. Umefifia, lakini mzima, rangi ni ile ile aliyoiacha. Kaupapasa kwa kiganja. Kauliza mlango huu nani aliutunza. Gati kamwita tata, yaani baba, kasema yeye hakufanya kitu, alitundika blanketi tu na kuchukua mayai.

Baba mdogo karudia maneno hayo. Hakufanya kitu. Kasema ndicho alichoomba. Kasema mwaka huu ni mwaka wa wanawake dunia nzima, na ofisini wamekuwa wakimsumbua alete jina la msichana. Jina litakuwa la Gati. Mama kapiga vigelegele. Heche kapiga makofi, mnafiki.

Iliniuma. Naandika wazi kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa na beberu.

Jumapili, 17 Agosti

Gati kaondoka na baba mdogo kwa basi. Alipopanda alinishika mkono akasema akijua kuendesha, abiria wake wa kwanza nitakuwa mimi. Ni dada mzuri. Nilimwambia asisahau kuangalia kioo.

Pijo imebaki. Bila betri ingekwenda wapi? Baba mdogo kaninyooshea kidole mpaka kikagusa pua. Kaniita mura, yaani kijana, kasema nisiiguse. Kasema mara tatu. Nimeelewa.

Nimekaa nikafikiri kosa lilikuwa wapi. Sasa nimeliona. Udongo hubanduka. Kila kitu kingine nilifanya sawasawa. Na mafundi wa daraja wameacha pipa la lami kando ya barabara, nusu limejaa. Lami haibanduki. Nimekwenda kuijaribu kwenye kiatu changu, na kiatu bado kiko kule.

Kesho nikitoka kulima sehemu ya Pijo, naanza. Nitaanza na mlango wa Gati, maana ndio pekee uliobaki na rangi ya kulinda.