Mkono wa Kugonga Mlango wa Maa Mensimah

Jumatatu, 4 Novemba
Balaa! Sista Essuman, mkuu wa wodi yetu ya upasuaji wa akina mama, ametangaza asubuhi kwamba hospitali imeweka wapelelezi. Wanatazama nani ananawa kabla ya kumgusa mgonjwa na nani hanawi. Ni kina nani, hasemi. Atakayenaswa hatagusa kidonda cha mtu mwezi mzima. Kazi yake itakuwa kumwaga vyombo vya haja. Alipofika hapo akanitazama mimi. Kwa nini mimi?

Na wiki yenyewe ndiyo hii, jamani! Kitanda cha dirishani kalazwa Maa Mensimah, mama yake Ekuwa wangu, katoka kupasuliwa ngiri. Wiki ijayo wazee wa kwetu wanakwenda kwake na chupa zao mbili za pombe kali kugonga mlango, waanze habari ya posa. Akisikia mkwe mtarajiwa anamwaga mikojo, tutarudi na chupa zetu. Chakula hakipiti.

Nimewaza. Kunawa kutwa nzima ni kujichubua bure. Dawa ni kumtambua mpelelezi, kisha kunawa mbele yake tu. Akili ninayo.

Jumanne, 5 Novemba
Nimemnasa! Bwana mwenye shati la bluu, amekuja kumtazama shangazi yake. Kakaa kwenye benchi, macho hayabanduki kwenye mikono ya wauguzi, kidole kwa kidole. Nikaiendea ndoo ya Veronica, ile yetu yenye bomba chini na beseni la kukingia, nikasugua kama daktari bingwa anayekwenda kupasua kifua. Viganja, migongo, katikati ya vidole, kucha. Povu hadi viwikoni. Akaitikia kwa kichwa, karidhika. Nikarudia.

Muuguzi mwenzangu Esi Baidoo naye ananawa kila anapogeuka, hata pasipo mtu. Kujipendekeza gani huko? Anampendeza nani, ukuta?

Mchana shati la bluu likatoka kununua kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachuka, kwa mama wa getini. Nikapumua. Nilikuwa namsafisha Bibi Krampah mguu wake unaotoa usaha. Nikapitiliza moja kwa moja kumbadilishia Maa bandeji. Maa akaniuliza, Ebo mwanangu, mikono hiyo inatoka wapi? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimevaa glavu. Na kweli nilivaa. Zilezile za kwa Bibi Krampah.

Jumatano, 6 Novemba
Aibu! Shati la bluu ni sonara. Kanivuta pembeni, akaniambia kaka, vidole vyako nimevipima kwa macho tangu jana, pete yako ya ndoa ninayo tayari. Ngozi imepauka kwa ajili ya muuza pete!

Jioni Maa kashikwa na homa. Mwili unachemka, meno yanagongana. Nikajifungia chooni nikitetemeka kuliko yeye. Usaha wa Bibi Krampah! Nimemuua mama mkwe kabla hajawa mama mkwe. Nilipokuwa mwanafunzi sina mbele wala nyuma, ni mwanamke huyu aliyekuwa akinipakulia chakula. Nampenda. Naogopa. Na Ekuwa nitamwambia nini?

Alhamisi, 7 Novemba
Sista kauliza nani alimfunga Maa bandeji ya mwisho. Mdomo ukaponyoka wenyewe: nadhani ni Esi. Nikasubiri Esi anirukie. Akasema ndiyo, ni yeye. Kumbe mimi nilipotoka tu, Maa alimwita Esi, akaomba afunguliwe na kusafishwa upya, kwa mikono aliyoiona ikinawa.

Kidonda kikafunguliwa mbele yetu. Kikavu, safi. Damu imepimwa: malaria. Malaria tu! Nimekata kiuno peke yangu kwenye chumba cha mafagio. Esi akanikuta humo. Ule mtazamo wake sikuupenda.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimekwisha. Wapelelezi ni wagonjwa wenyewe! Kila kitanda kina macho, na mimi nilikuwa nahangaika na benchi. Sista akamuuliza Maa mbele yangu kama muuguzi huyu hunawa. Nikamkonyeza Maa. Nikakohoa. Nikamwita mama kwa sauti ya mtoto mwenye njaa.

Maa akasema mshono ni wake, hawezi kuusemea uongo. Kisha akanigeukia: "Ebo, nakupenda, lakini mlango wangu haugongwi na mkono huo. Waambie wazee wako watulie na chupa zao, mpaka umalize mwezi wako na Sista aniambie umebadilika."

Ekuwa alikuwepo. Kwanza alicheka. Kisha akatoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hiyo ndiyo imeniuma.

Jumamosi, 9 Novemba
Maa karuhusiwa kwenda nyumbani. Nilinawa mbele yake kabla ya kumbebea mkoba, nikanawa tena baada ya kuutua getini. Akasema vema. Tumaini lipo!

Nikarudi kwenye vyombo vyangu vya haja. Nilipomaliza, tumbo linanguruma. Nikaangaza kushoto, kulia. Wagonjwa wamelala, Sista yuko kikaoni, Esi zamu yake imeisha. Hakuna jicho hata moja. Nikaketi palepale na kenkey yangu ya getini, samaki wa kukaanga na pilipili, nikamega. Tamu ajabu.

Jumapili, 10 Novemba
Tumbo! Naharisha, natapika, miguu haina nguvu. Naandika nimelala ubavu. Ekuwa kapita akitoka kanisani na uji kutoka kwa mama yake, akaniuliza kwa upole kama nilinawa kabla ya kula. Nimemuuliza swali gani hilo la kumuuliza muuguzi. Akaweka uji chini, akaondoka bila kuaga.

Mchawi wangu nimeshamjua: ni yule mama muuza kenkey wa getini. Kesho nikipata nguvu nakwenda kumchongea kwa Sista. Kuna watu katika mji huu hawanawi mikono kabisa, wala hawana haya!