Nilivyowasaidia Wamonaki Pumzi

Jumatano, 20 Desemba
Nimejiponza. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mpiga kinanda wa parokia, alikuwa anatamba mezani kwa mama mkwe: Krismasi hii kwaya yake ina spika mpya. Nikasema mimi nitaimba Kilatini na wamonaki, sala ya usiku wa Noeli. Mama mkwe akasema watakuja wote kunisikia. Mke wangu akanikanyaga chini ya meza. Kilatini sijui hata salamu. Lakini fundi cherehani wa monasteri ni mimi. Mwenye sindano hakosi pa kupenya.

Alhamisi, 21 Desemba
Nimepeleka majoho niliyotia viraka. Nikajitia kupima pindo kwenye chumba cha pembeni ya kanisa, kumbe nasikiliza mazoezi. Nilikwenda kuiba, nikaibiwa mimi. Hawana kinanda, hawana chochote. Sauti moja inaanza, nyingine zinaingia taratibu, kama watu wanaoingia chumba alimolala mtoto. Upande huu unaimba, upande ule unapokea. Nilijidunga sindano nisihisi. Kasoro moja tu: katikati ya kila mstari wote wananyamaza. Maskini, wengi ni wazee, pumzi zinawaishia. Mimi pumzi ninazo. Nitawasaidia.

Ijumaa, 22 Desemba
Nimejishonea joho. Kitambaa hakikutosha, mikono imeishia viwikoni. Mke wangu ameuliza kama naenda kuimba au kuosha vyombo. Wivu.

Jumatatu, 25 Desemba
Jana usiku nilijipenyeza safu ya nyuma, kofia ya joho hadi puani. Mishumaa mitupu. Mama mkwe benchi la mbele, shemeji kando yake kakunja mikono. Wamonaki walipoanza, niliwasahau wote hao. Yule mzee kuliko wote, anayetembelea fimbo, aliimba peke yake. Sikuelewa neno, ila nilielewa kwamba mtoto amezaliwa. Nikalia.

Kisha zaburi. Katikati ya mstari wakanyamaza. Nikawaokoa! Niliivuta ile sauti ya mwisho kwa nguvu zangu zote, peke yangu, kanisa zima. Hakuna aliyegeuka. Walingoja niishiwe, wakaendelea palepale, pamoja, bila kuyumba. Hapo nikajua hawakuwa wamechoka.

Baada ya sala abate, mkubwa wao, aliniita pembeni. Akasema kwa upole kwamba kimya kile ni cha makusudi, kila mmoja apate kumsikia mwenzake kabla ya kuendelea. Akaangalia viwiko vyangu, akaniambia Pasaka nije, nikae benchini, nisikilize. Nimeona aibu, na nimempenda abate yule.

Shemeji hakunicheka. Alikuwa anafuta macho. Mama mkwe amesema hajawahi kusikia kitu kizuri hivyo, ukiacha mahali pamoja.

Jumanne, 26 Desemba
Nimeyatafakari maneno ya abate. Kweli tupu. Utamu wote umo kwenye kile kimya. Mke wangu amefurahi, anasema hatimaye nimekua. Shemeji naye ametangaza kwamba Pasaka atakaa benchini kimya, asikilize.

Ati yeye! Nimeshaanza mazoezi chumbani, mlango umefungwa. Joho jipya nimelikata tayari, mikono mirefu safari hii. Pasaka nitasimama safu ya mbele, na katikati ya mstari nitanyamaza kuliko wamonaki wote.