Malalamiko Kuhusu Mkutubi na Mhadhiri Waliopatana

Alum Rock, Birmingham

Kwa Bi. Sunita wa maktaba ya chuo, na Dkt. Lakhbir wa idara ya uuguzi,

Waheshimiwa,

Salamu nyingi. Natumaini hamjambo na kazi mnaifanya vizuri, maana kuifanya kwenu vizuri ndiko kulikoniharibia nyumba, na sasa arusi ya binti yangu inayumba.

Mimi ni Salat Gedi, baba yake Ayan, mwanafunzi wenu wa mwaka wa kwanza. Napakia mizigo katika ghala moja kule Nechells. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali changu ni cha kusema tu. Kalamu nilifundishwa kuishika Isiolo, kwa Kiswahili na kwa kiboko. Kiingereza ninacho, lakini ni cha kazini, hakina adabu ya kutosha kwa barua. Nasikia hakuna kitu maktaba yenu inashindwa kutafuta. Basi itafute mkalimani.

Zamani mhadhiri alikaa darasani kwake, mkutubi akakaa kwenye rafu zake, wakisalimiana kwenye ngazi, basi. Mwanafunzi akipotea hapo katikati, sisi wazazi tulimwokota. Mambo yalikuwa sawa kabisa. Lakini Ayan anasema mwaka huu ninyi wawili mmepatana. Mnasimama mbele ya darasa moja, mmoja anatoa kazi, mwingine anaonyesha jinsi ya kuitafutia ushahidi, na alama mnatoa pamoja. Ati mtoto akiambiwa jambo lolote aulize: nani kasema, alijuaje, anapata faida gani, na yeye aliambiwa na nani. Wallahi, hata polisi wa Isiolo hawakuuliza hivyo. Hasara niliyopata ni hii:

1. Kikundi changu cha WhatsApp. Ni cha ukoo mzima, kuanzia Isiolo mpaka Minnesota, na mwenyekiti ni mimi. Kila asubuhi nawatumia watu mambo ya faida: mbegu za tikiti zinavyosafisha figo, simu inavyokausha ubongo ukiilalia. Sijawahi kulalamikiwa. Siku moja Ayan akaandika pale, mbele ya wajomba zake, neno moja la Kiingereza: "Source?" Yaani mimi babake nitoe ushahidi! Tangu hapo hata shangazi yangu, ambaye kuwasha luninga kwenyewe ni mpaka aitiwe mtu, nikimtumia kitu ananirudishia alama ya kuuliza.

2. Mke wangu. Najmo ana kisukari. Nilimpatia video ya daktari mmoja, koti jeupe, miwani, kila kitu, akisema vidonge ni hila za wenye viwanda na dawa ya kweli ni maji ya uwatu. Nilikuwa karibu kumshawishi. Ayan akaketi na mamake kwenye kochi akamwonyesha kwamba yule daktari si daktari, na uwatu anauuza yeye mwenyewe. Najmo alicheka mpaka akajifuta machozi. Sasa vidonge anavimeza mbele yangu, tena akinitazama.

Haya mawili ningeyameza na mimi. La tatu limenikwama kooni.

3. Posa ya Fadumo, dada mkubwa wa Ayan. Kijana anaitwa Mohamedamin, amehamia hapa juzijuzi kutoka Leicester, na Fadumo anampenda. Kwetu kijana akileta posa hatuombi karatasi, tunauliza watu. Unampigia mzee huyu, naye anampigia yule, habari zinazunguka ukoo, zikirudi zimeiva. Nikauliza. Mjomba wangu wa Isiolo: kijana mpole, anaheshimu wazee. Binamu yangu wa Eastleigh: mpole, anaheshimu wazee. Minnesota nako: mpole, anaheshimu wazee. Nikasema alhamdulillahi, dunia nzima imekubaliana. Ukumbi ukatafutwa, Najmo akaanza kuonja biriani za watu.

Ayan akauliza mbona wote wamesema maneno yale yale. Nikamwambia kwa sababu ni kweli. Akachukua simu yangu akawafuata mmoja mmoja, kwa adabu, siwezi kumsingizia: samahani mjomba, wewe ulimjulia wapi? Minnesota alisikia kwa Isiolo. Isiolo alisikia kwa Eastleigh. Eastleigh alisikia kwa shemeji yake Ridwan, na Ridwan ndiye mwenye mkahawa wa chai hapa mtaani kwetu. Ayan akavaa viatu akaenda kwa Ridwan. Ridwan, bila haya, mbele ya wateja, akasema yeye alisikia kwangu.

Kwangu! Kumbe ni kweli. Yule kijana aliniinulia gunia la mchele dukani, akaniita baba mdogo, nami nikaingia kwa Ridwan nikasema kijana mpole, anaheshimu wazee. Neno langu likapanda ndege, likazunguka mabara, likarudi nyumbani, nikalikaribisha kama mgeni. Sasa Ridwan kila akinimiminia chai ananiuliza kuna habari gani mpya nimejiambia.

4. Fadumo naye ameambukizwa. Amesema arusi isimame mpaka apatikane mtu mmoja anayemjua Mohamedamin kwa macho yake. Mmoja tu! Mimi nimesema arusi iko palepale. Nimeshatoa neno mbele ya wazee, siwezi kula matapishi yangu. Na tukiacha hivi tutafika wapi? Mtoto wa Kisomali anahesabu mababu zake kwa majina tangu hajaota meno ya pili. Juzi Ayan amehesabu vizuri hadi babu wa tisa, halafu akanikazia macho, swali lile likiwa mdomoni. Nikatoka nje kutupa taka ambazo hazikuwepo.

Kwa hiyo naomba mgombane. Si kwa ubaya. Tafuteni jambo dogo, funguo za chumba, kikombe cha mtu, mnuniane, kila mtu arudi pembeni kwake. Mkishindwa, basi somo liwe na mpaka: swali lile lisiulizwe kwa mzazi, kwa mkwe, wala kwa mtu yeyote aliyepita miaka hamsini. Na mkishindwa hilo pia, nipeni cheti chenye muhuri wa chuo kwamba Salat Gedi ni mtu wa kuaminika. Nitakitundika kwa Ridwan.

Nisalimieni wahadhiri wengine ambao bado hawajapatana na mtu, wapanga vitabu, na yule mlinzi wa mlangoni, ambaye Ayan anasema ana roho nzuri, ingawa sijui amejuaje.

Ni mimi, mzazi aliyeulizwa akachoka,

Salat Gedi

N.B. Nilikuwa natafuta stempu nikasema ngoja kwanza nimwaibishe Ayan, huyo mtu mmoja nimtafute mwenyewe. Mwenzangu wa ghalani ana dada Leicester, akanipatia namba ya simu ya nyumba alikokuwa akikaa Mohamedamin. Akapokea mwanamke. Nikamwuliza kama anamjua. Akasema anamjua. Nikamwuliza, kama mnavyofundisha, amemjuaje. Akasema ni mume wake, alimuaga akisema anakwenda Birmingham kikazi. Nyuma yake mtoto alikuwa akiuliza kama ni baba amepiga. Sikutafuta shahidi wa pili.

Dini imeruhusu wake wanne, haijaruhusu uongo. Arusi haipo. Yote niliyoomba hapo juu yafuteni. Msigombane, tafadhali, Mungu awazidishie kupatana, na kama kuna viti nyuma ya darasa nitakuja na wazee wenzangu, Ridwan tutamburuta.

Naishia hapa. Fadumo amesikia sauti yangu akashuka, amesimama mlangoni, anataka kujua nilikuwa naongea na nani.