Barua ya Kuniomba Nirudi

Jumatatu, 3 Juni

Zimebaki siku kumi na mbili. Miaka minne ya kazi huku ugenini, sasa miezi sita ya likizo nyumbani, kisha sijui. Kanisa lililotutuma lina sheria moja: mmisionari akienda likizo, harudishwi alikotoka mpaka waumini wa huko waandike barua ya kumwomba. Bila barua unabaki nyumbani na kupewa shukrani.

Barua ya Muuguzi imefika leo. Tunaishi nyumba moja na tutasafiri pamoja. Ina alama ishirini na mbili za waumini, karibu zote za dole gumba. Ameisoma mara moja, akaitia kwenye soksi, akaitupia begini. Kwenye soksi! Mimi ningeitilia fremu.

Yangu haipo. Nilimzunguka karani wa baraza la wazee, nikamuuliza kama karatasi zimeadimika. Akasema zipo tele.

Jumanne, 4 Juni

Mama amepiga simu. Chumba changu kimepakwa rangi upya, ya waridi, kama nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Ameshawatangazia majirani kwamba narudi moja kwa moja. Nikamwambia ni likizo tu, Mama. Akasema haya, mwanangu, likizo, kwa sauti ile ya kumkubalia mtoto mwenye homa.

Nampenda. Lakini ndani ya chumba kile mimi ni binti yake tu, yule anayekula kidogo na kusoma sana. Huku nimekuwa mtu. Nikianza kupiga kinanda, watu husimama. (Najua ni utaratibu wa ibada. Bado wanasimama.)

Na hapo ndipo mpango uliponijia. Kinanda! Kile cha kukanyaga kwa miguu, na kanisa zima ni mimi peke yangu nikijuaye. Jumapili nitaugua. Waonje ukimya. Jumatatu barua itakuwa mezani.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi cherehani, mama anayeongoza kwaya, alikuja kuniomba nimfundishe kinanda kabla sijaondoka. Alisema miguu yake imezoea kukanyaga tangu ujana, kwa hiyo nusu ya kazi imekwisha. Nikamweleza kwa upole kwamba muziki ni safari ndefu. Akasema, "Kweli, Mwalimu. Tumeiona." Mtu mnyenyekevu sana.

Alasiri, darasa la kusoma la watu wazima. Kazi ndogo, sijui hata kwa nini naitaja. Nilipoingia wote kumi na saba walifunika karatasi zao, kama watoto waliofumaniwa na sukari. Bibi muuza mboga aliikalia yake kabisa. Nikajifanya sikuona. Bila shaka wanamwandikia mwalimu mwingine. Hawajaningoja hata nifunge begi!

Jumapili, 9 Juni

Niliugua saa moja kamili asubuhi. Muuguzi akanishika mkono, akahesabu mapigo, akatazama ulimi. Akasema hali ni mbaya mno. Akaleta dawa chungu, vijiko vitatu, akanisimamia mpaka nikameza vyote. Sijawahi kumwona akiifurahia kazi yake namna ile.

Alipokwenda ibadani nikafungua dirisha. Kanisa liko ng'ambo ya ua. Nikangoja ukimya. Nikangoja minong'ono, pengine kilio kimoja.

Wakaanza wimbo, ukatoka kama maji bomba likifunguliwa. Walipanda, wakashuka, wakafika kwenye ile kona ambapo mimi husita kutafuta vidole vyangu, na hawakusita. Waliimba beti nne kwa muda ambao mimi huutumia kwa mbili. Nilikaa sakafuni chini ya dirisha. Nikagundua kwamba nalia, na kwamba mguu wangu unafuata mdundo.

Muuguzi aliporudi nilimuuliza, kwa sauti ya mgonjwa, kama walihangaika. Akasema ibada iliisha mapema, watu wakawahi chakula.

Nimelitafakari jambo hili mchana kutwa. Ni huzuni. Watu wenye huzuni huharakisha.

Jumanne, 11 Juni

Mpango wa pili. Nimemwandikia karani rasimu ya barua ili kumpunguzia kazi. Kurasa tatu. Nilitumia "nguzo", nikatumia "taa", na baada ya kujizuia sana, "pengo lisilozibika". Mwandiko niliulaza upande wa kushoto usitambulike.

Karani aliisoma akiwa amesimama. Akavua miwani, akasema angependa sana kukutana na huyo mtu. Kisha akanirudishia, akaniomba subira. Jambo langu, alisema, liko mikononi mwa watu wanaokwenda polepole.

Nilikwenda kanisani, nikakifunika kinanda kwa shuka. Nikakaa kwenye benchi la mbele, mahali ambapo sijawahi kukaa. Kama wimbo unakwenda bila mimi, basi miaka minne hii nilikuwa nafanya nini pale? Shuka lilikuwa limepinda. Nikalinyoosha, nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 14 Juni

BARUA!

Karani ameileta kwenye chai ya kutuaga. Maneno ni ukurasa mmoja tu, ila nyuma yake kuna karatasi mbili za majina, yenye herufi kubwa kama mayai. Dole gumba hakuna hata moja. Akaeleza kwamba ya Muuguzi ilikamilika kwa asubuhi moja, maana dole halihitaji mazoezi. Lakini darasa la kusoma lilikataa wino wa dole kwenye barua yangu. Walisema itakuwa aibu, Mwalimu ataionaje? Wiki tano wamekuwa wakijifunza kuandika majina yao kwa siri. Bibi muuza mboga alifuta lake mara mbili, mpaka karatasi ikatoboka. "Usinicheke, mwanangu," aliniambia. "Hilo la tatu ndilo langu."

Nilitia kidole kwenye lile tundu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya dakika ishirini. Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Barua yenyewe inasema: "Tunaomba Mwalimu arudishwe. Majina yetu tunayaweza, magazeti bado. Kuhusu kinanda, tunaomba kipumzike."

Fundi cherehani akanivuta pembeni, akanishika mikono. Alisema kwa miaka minne wamekuwa wakinisubiri kwenye kila kona ya kila wimbo, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu ni mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Ndani ya ndege. Muuguzi kakaa dirishani. Nimeisoma barua mara kumi na moja, na nimejichunguza moyoni bila kujihurumia. Sasa naelewa kila kitu.

"Kipumzike." Maskini wale watu! Kinanda kimezeeka, wanakionea huruma, na kwa haya zao hawawezi kuomba kingine. Kanisani kwetu nyumbani kipo kimoja kikubwa, cha safu mbili za vitufe, sauti yake hufika barabara ya pili. Hakuna anayekitumia. Nimeshachora sanduku la kukisafirishia. Nitakiomba Jumapili ya kwanza, kisha miezi sita ya mazoezi mle chumbani. Mama atafurahi.

Nimemweleza Muuguzi yote, pamoja na vipimo. Alifumba macho, akapapasa mkobani, akatoa ile chupa ya dawa chungu na kijiko, akajimiminia mwenyewe.

Maskini. Kumbe ndege zinamsumbua.